Nimelipa laki na nusu kuuliza njia ya uprofesa wa mifugo: CV safi, ushauri sifuri

Jina la ofisi sitaji maana sitaki kesi, ila iko Arusha mjini, ghorofani, dakika chache kwa mguu kutoka Mnara wa Saa. Wanaandika CV na wanatoa ushauri wa ajira.

Mimi ni daktari wa mifugo, nazunguka na pikipiki Tengeru, Usa River mpaka Kikatiti, ng'ombe wa maziwa kwa wingi, mbwa kidogo. Umri unaenda na bega limeanza kugoma, ukipima mimba ng'ombe sita asubuhi moja utanielewa, nikawaza mbona niliosoma nao SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro) wengine wako darasani wanafundisha na wao wanaitwa dokta ila huo udokta wao haunuki kinyesi. Basi nikalipa 150,000 kwa vikao viwili vya Jumamosi pamoja na CV.

Mapokezi mazuri, chai ya maziwa ya ukweli, viti safi. CV nayo sina neno, ile yangu ya kurasa sita ikawa mbili, mambo ya kuwa kiranja sekondari wakayatupa huko.

Sasa ushauri. Kaka aliyenihudumia alikuwa mpole kweli ila alifungua laptopu akaanza kunisomea mambo ya Marekani. Sijui ukimaliza digrii ufanye intenshipu mwaka mmoja, halafu residensi, yaani mafunzo ya ubingwa, kama miaka mitatu, halafu mtihani wa bodi uwe bingwa wa upasuaji au wa moyo, halafu vyuo vitakugombania kwa sababu mabingwa wanakimbilia hospitali binafsi zenye hela. Kwa Marekani ni kweli kabisa, huko kuna hospitali za mbwa na paka zinalipa kuliko chuo. Lakini kaka yangu, mimi nakaa Tengeru! Hapa nani anakimbia chuo kwenda kutibu paka?

Kilichoniuma zaidi, vikao vyote viwili hakuna aliyeniuliza matokeo yangu. Hilo ndio geti lenyewe. Matangazo ya vyuo vyetu kwa kawaida yanataka GPA, yaani wastani wa alama, 3.8 digrii ya kwanza, au wastani wa B+ kwa digrii za udaktari kama yangu ya mifugo ambazo hazina madaraja, na masta nayo 4.0. Mimi sifiki hapo, na niliwapa transkripti yangu mkononi wakaitoa kopi wakaiweka kwenye faili bila kuisoma, yaani faili limejaa halafu kichwani hamna kitu.

Nikampigia mwalimu wangu wa zamani, mzee ameshastaafu. Shikamoo profesa, marahaba, na swali la pili tu likawa "ulipata ngapi?" Dakika kumi za vocha zikanipa nilichokosa kwa laki na nusu. Akanikumbusha udaktari wa mifugo ulianza kufundishwa Morogoro 1976, hata kabla SUA haijawa SUA mwaka 1984, na miaka mingi palikuwa hapo tu nchi nzima, sasa nafasi zitoke wapi wakati wahadhiri waandamizi na maprofesa wanaweza kukaa mpaka miaka 65? Na ukiingia bila PhD unaishia mhadhiri msaidizi, kupanda mpaka mhadhiri ni lazima uwe nayo, halafu ndio uanze kuhesabiwa machapisho kuelekea mwandamizi, profesa mshiriki, profesa. Mtu wa miaka 40 apige hesabu mwenyewe.

Ila hakunikatisha tamaa. Akasema huku kaskazini mbona umezungukwa: LITA, wakala wa serikali wa mafunzo ya mifugo, ina kampasi hapohapo Tengeru inafundisha stashahada na astashahada za mifugo, ukufunzi wa pale hauna habari ya PhD. Taasisi ya sayansi ya Nelson Mandela nayo iko Tengeru, wao ni masta na PhD tu, naweza kusoma huku nikilala kwangu. Ukipenda wanyamapori kuna chuo cha Mweka pale Moshi, na utafiti uko TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori. Hayo majina yote yako ndani ya safari ya daladala, na ile ofisi haikutaja hata moja. Hata moja!

Kwa hiyo kama unataka CV tu nenda, waambie mapema hutaki ushauri, nilisikia CV peke yake ni 40,000 na inaisha siku mbili. Kazi za hoteli na utalii nahisi wanazijua vizuri, wateja niliowakuta kwenye foleni walikuwa wa huko na walitoka wanacheka. Ila kama wewe ni mtu wa mifugo, au wa fani yoyote unayetaka kufundisha chuo, tafuta mwalimu wako.

Nawapa nyota 2, moja ya CV, moja ya chai. Na yule dada wa mapokezi kama unasoma hapa, bado una chenji yangu elfu tano, nitapita Jumanne nikitoka kuchukua chanjo.