Andakoti ya kopo iliyokula msikiti wangu

Nianze na kilichoniudhi zaidi. Rangi yenyewe, andakoti (rangi ya kwanza, ya chini) ya kupuliza, itafuata.

Unaingia dukani na kipande cha ukuta wa msikiti wa mfano, wa povu, mkononi, kimetoboka kama mkate wa kumimina. Unamwonyesha muuzaji maandishi ya kopo alilokuuzia: mbao, chuma, plastiki, mawe. Anakitazama, anacheka, anamwita mwenzake aje kuona, kisha anasema: "Kaka, hii ni rangi ya mageti. Midoli ya mtoto mwachie mtoto apake mwenyewe." Kwa hilo tu natoa nyota moja, na hiyo moja ni kwa sababu sifuri haikubaliki.

Kopo lenyewe ni andakoti nyeusi ya kupuliza. Kilichopulizwa ni gofu la msikiti wa mawe ya matumbawe, kwa mtindo wa miji ya kale ya Waswahili ya Kilwa Kisiwani na Gede, la kuchezea vita vya mezani na visanamu vya askari vya milimita 28. Kwa kipimo hicho, takriban 1 kwa 56, ukuta wa nusu mita unatoka milimita 9, kwa hiyo ubao wa povu la polistirini wa milimita 10 unafaa bila hesabu nyingi. Chumba usikizidishe milimita 50 kwa upana, maana nyumba zile upana wake uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari, chini kidogo ya mita 3. Mlango ndio wenye ubishi. Askari amesimama juu ya kitako cha duara cha milimita 25. Ukichonga mlango kwa kipimo cha kweli, hapiti. Fanya 30, wala usione haya. Zidaka za ukutani, vile vishimo vya kuwekea vitu, zikatwe kwa wembe mpya, kina milimita 3, kabla ya kugusa gundi yoyote. Wembe butu hukwanyua povu badala ya kulikata.

Kazi yote hiyo, kisha mpulizo mmoja. Haikufika hata dakika mbili kingo zikaanza kusinyaa, na mihrabu, sehemu iliyokula muda kuliko zote, ikadidimia kwa ndani huku rangi ya juu ikibaki kama ganda la yai. Ukiligusa, kidole kinapita.

Je, kopo lilidanganya? Limeandikwa plastiki, na povu hili ni plastiki, tena ni polistirini ileile ya magofu magumu ya Warhammer, mchezo wa vita vya mezani, yanayouzwa ndani ya maboksi. Ila povu jeupe la punje, lile la kufungia televisheni, asilimia 98 yake ni hewa. Vimumunyisho vya rangi, yaani kemikali za kuiyeyushia, vikigusa plastiki ngumu hulainisha juu juu tu, vikakauka. Vikigusa povu vinakutana na vijikuta vyembamba mno. Vijikuta vinayeyuka, hewa inatoka, ukuta unanywea. Gesi ya kusukumia rangi nayo inaweza kuchangia, ndiyo maana hata makopo yanayojinadi kuwa ni ya maji si ya kuaminiwa kabla ya kujaribiwa kwenye kipande cha kutupa. Maneno mawili yangetosha kwenye lebo: "isipokuwa povu". Nafasi ipo, wameweka picha ya geti.

Na asije mtu na "ungepaka gundi kwanza". Ilipakwa. Haya, nikiri: mkono mmoja tu, na ilizidi maji. Gundi nyepesi huacha vitundu visivyoonekana, hasa kwenye kingo zilizokatwa na upande wa chini ambako hakuna anayetazama, na kitundu kimoja kinatosha kuingiza mvuke ukala ukuta kwa ndani. Kwa hiyo labda nusu ya kosa si ya kopo. Nyota mbili, basi.

Kinachotakiwa ni gundi nyeupe ya seremala sehemu 2, emalsheni (rangi ya maji ya ukutani) nyeusi sehemu 1, na maji kidogo, iwe nzito kama tui la kwanza. Mikono miwili, kila mmoja ulale usiku kucha. Pwani wakati wa mvua upe siku nzima, kwa sababu gundi iliyokauka juu na kubaki mbichi chini huvulika kama ngozi ya nyoka. Kisha mulika tochi kwa ubavu. Kwa vile mchanganyiko ni mweusi, kila tundu litajitangaza lenyewe.

Na hapo ndipo hasira inaporudi: mchanganyiko huo tayari ni mweusi! Umeshakuwa andakoti. Kopo halihitajiki hata tone. Nyota moja.

Lakini sasa, na hili linaniuma kuliandika, ukuta ulioliwa ndio uliotoka mzuri kuliko zote. Jiwe la matumbawe lina vinyweleo na mashimo yasiyofanana, na hakuna kisu wala mpira wa karatasi ya alumini unaoyapata hivyo. Ile jasi ya kuzibia nyufa, iliyotandazwa viraka viraka vya nusu milimita kuwa mabaki ya lipu ya chokaa, haikuyeyuka, ikabaki imening'inia juu ya jiwe lililochakaa. Kama Kilwa hasa! Anayetaka kufanya hivyo kwa makusudi apulizie nje, avae barakoa ya mvuke wa rangi (ya vumbi haisaidii), asimame sentimita 30, apitishe mara moja, asubiri. Kwa sentimita 10 atapata pango. Kesho yake apake ile gundi nyeusi, ganda lishikane.

Rangi za juu usikimbilie kijivu, hii si saruji. Anza na kahawia iliyochanganywa na nyeusi, ukiacha weusi mashimoni. Fuatisha rangi ya mchanga kwa brashi kavu, uliyoifuta mpaka inaacha vumbi tu, kisha krimu kwenye kingo. Nyeupe tupu hapana, itaonekana chaki. Mwisho nyeusi sehemu 1 kwa maji 8 na tone la sabuni ya vyombo, ianzie kichwani mwa ukuta iteremke, maana mvua hushusha weusi wa kuvu kutoka juu. Kijani kikae miguuni, upande mmoja.

Kopo limebaki kama robo. Nimeliweka kwa ajili ya kuta za nje za ngome, kwa hiyo nyota tatu, nne ukinikuta asubuhi. Duka lile sirudi. Labda kopo likiisha, na kwingine wakikosa, nitamtuma mtu.