Fundi aliyeanza na maganda

Nilimpelekea bastola, akaniuliza takataka. "Maganda ya risasi ulizopiga umekuja nayo?" Hata begi sijafungua. Bahati nilikuwa nayo, mfuko mzima, maana risasi zangu huzijaza upya mwenyewe na ganda silitupi ovyo.

Shida ilikuwa hii: bastola ya nusu otomatiki, milimita 9, kila ikitema ganda, mdomo wake umebonyea upande mmoja kama kopo lililokanyagwa. Nane kati ya kumi. Fundi wa kwanza, ambaye simtaji, hakutaka kuona hata ganda moja. Alibadilisha ndoano inayovuta ganda kutoka chemba, akapokea hela yake. Nikapiga risasi 50, zikatoka zimebonyea vilevile.

Huyu wa pili aliyasimamisha maganda mezani, akaanza na kitako. Fataki, ile duara ndogo inayopigwa na pini, bado ilikuwa na kingo za mviringo. Ingesambaa ikawa bapa, angeshuku presha imezidi. Akapitisha ukucha juu kidogo ya kitako akitafuta uvimbe. Ganda likivimba hapo, alisema, ukuta wake umeanza kushindwa, nawe uache kupiga siku hiyo hiyo. Hakuukuta. Kwenye midomo alikuta nyufa mbili, akayasukuma maganda hayo pembeni: "Haya yamechoka. Umeyajaza mara ngapi?" Nikanyamaza. Shaba ikitanuka na kubanwa kila mara inakuwa ngumu, mwisho inapasuka. Bastola haikuwa na kosa hapo, ni ubahili wangu.

Ndipo akashika bastola, akahakikisha mara mbili kwamba ni tupu ingawa nilishamwonyesha. Ukingo wa nyuma wa dirisha la kutolea maganda ulikuwa na mstari wa rangi ya dhahabu. Mimi miaka yote nilidhani ni uchafu sugu, nausugua tu! Akaliweka ganda juu ya mstari ule, bonyeo likakaa pale pale. Kumbe ganda lilikuwa linajigonga likitoka kwenye slaidi, kile chuma cha juu kinachorudi nyuma kila ukipiga.

Akachomoa springi ya slaidi, akailaza kando ya mpya. Yangu ilikuwa fupi kwa pingili tatu hivi. Ikilegea, slaidi inarudi nyuma kwa kasi kupita kiasi na ganda linarushwa kwa fujo. Akauliza niliibadilisha lini. Sijawahi.

Baada ya springi mpya nilipiga 50 nyingine kwa risasi zile zile: mawili tu yalibonyea, na hayo mashine ya kujazia huyanyoosha. Maganda sasa yanaangukia karibu, hatua mbili tatu. Zamani nilikuwa nayaokota miguuni kwa mlengaji wa jirani.

Nilitaka pia aupige tupa ukingo wa dirisha. Alikataa, akasema chuma kikishaliwa hakirudi. Nilikasirika kidogo, lakini namheshimu kwa hilo.

Nyota nne. Ya tano ameipoteza kwa kukaa na bastola siku tisa kwa kazi ya dakika kumi, na kwa hadithi zake za vita ambazo huwezi kuzikwepa kabla ya kukabidhiwa kilicho chako. Ndoano yangu ya zamani aliirudisha mahali pake, haikuwa na hitilafu. Ile ya fundi wa kwanza alinipa kwenye bahasha: "Weka akiba, umeshailipia."