Fimbo ya puli (pool ya mezani) ya kizamani: nimesubiri miezi 13, haya ndo niliyoyapata

Wadau mlioniuliza ile fimbo niliyokuwa nayo kwenye ligi ni ya kampuni gani, jibu ni kwamba haina kampuni. Nimetengenezewa na mzee mmoja ana karakana nyuma ya nyumba yake huku Ohio, mwendo wa saa mbili kwa gari kutoka Columbus ninapokaa. Jina lake siweki, maana nina ya kumsifia na nina ya kumlalamikia.

Stori ilianza na mnada wa vitu vya baa moja iliyofungwa. Nikaokota fimbo ya kipande kimoja kwa dola 85, vumbi tupu, tipu (kile kingozi cha nchani kinachogonga mpira) hakuna, rangi imechubuka, muuzaji anaiona kama mpini wa fagio. Kumbe ni Titlist ya kampuni ya Brunswick, zile fimbo za ukutani ambazo kila mteja alikuwa anachukua yoyote anapiga anarudisha. Sasa mafundi wa zamani, mtu kama Herman Rambow wa Chicago, halafu George Balabushka wa Brooklyn alipoanza mwaka 1959, walikuwa wanachukua hizohizo Titlist wanazikata katikati wanaweka jointi, zinatoka fimbo za heshima. Leo Balabushka ya kweli inauzwa bei ya gari. Gari mimi ninalo, tena la mkopo, kwa hiyo nikasema acha nitengenezewe ya kwangu kwa staili ileile.

Kinachofanya watu wahangaike na hizi mbao ni yale maungio. Mbao nyeupe ya mepo (maple) ya mbele na mti wa rangi nzito wa nyuma vimechongwa vikaingiana kama vidole vya mikono miwili ukivifumbata, ndo maana unaona zile ncha nne zinapanda juu. Fimbo nyingi za siku hizi zile ncha zimelazwa tu kwenye mifereji kisha mbele na nyuma zinashikwa na bolti kwa ndani. Sio mbovu, zinapiga vizuri tu, ila ukiwa nazo zote mbili mkononi utasikia tofauti kwenye kiganja.

Siku ya kwanza mzee akanionyesha shafti zake, yaani vile vipande vyembamba vya mbele vya fimbo, zimening'inia kwenye dari, nyingi kweli. Shafti haichongwi siku moja, anaipitisha kwenye mashine ya kukerezea anatoa kidogo sana, anaitundika wiki kadhaa, anarudia tena, hivyohivyo miezi na miezi, kwa sababu mbao ukiipunguza inataka kugeuka na kama ni ya kupinda bora ipinde hapo kuliko mikononi kwa mteja. Pembeni kuna pipa limejaa zilizopinda, anazichoma kwenye jiko la kuni wakati wa baridi. Nikamwelewa hapohapo. Ila aliniambia miezi sita, na nikalipa nusu kwa hiyo miezi sita, imekuja miezi 13 na katikati hapo simu hapokei, meseji hajibu, mimi nishajua nimeliwa hela. Baadae ananipigia kama hakuna kilichotokea, "ipo tayari". Aisee.

Kwenye kitako nilitaka kipande cha mpingo. Akavuta droo akatoa kigogo cheusi kama makaa, akasema hiki kimetoka Tanzania, huku wanakitumia kutengenezea klarineti, jina lake hajui zaidi ya lile la Kizungu. Nikamwambia sisi tunaita mpingo. Akachukua penseli akaandika ubavuni mwa droo PINGO, nikamwacha. Halafu kwenye feruli, pale chini ya tipu ambapo zamani waliweka pembe ya ndovu, akasema yeye anaweka Juma. Nikacheka nikidhani ananitania kwa sababu ya asili yangu, kumbe kweli kuna plastiki ya kuiga pembe inaitwa Juma! Sasa fimbo yangu ina mpingo na ina Juma, imekosa ubwabwa tu.

Upigaji wake sasa. Jointi ya chuma, inchi 58, shafti milimita 13, mshiko wa kitani cha Ireland ambacho hata mkono ukitoa jasho hauterezi. Ukigonga mpira katikati kuna sauti fulani kavu, tok, fupi, na unajua kabla mpira haujafika kama umepiga vizuri au umeharibu. Fimbo yangu nyingine ya kaboni haina hicho kitu, ile inapiga kimyakimya kama umevaa glavu.

Lakini kama umezoea shafti za kisasa jiandae kuaibika. Ukipiga pembeni mwa mpira mweupe ili uzunguke, hii shafti ya kizamani inausukuma uchepuke zaidi kuliko ulivyozoea, inabidi ulenge upya kabisa. Wiki mbili nzima nilikuwa nafungwa na watu ambao hata sitaki kuwataja. Tipu aliyoweka ni ngozi ya kipande kimoja, ngumu, inang'aa haraka na haishiki chaki, nikateleza mara mbili kwenye gemu moja, nikaitoa nikaweka ya matabaka, yeye atanuna shauri yake. Na uzito niliagiza aunsi 19 imekuja 19.7, anasema mpingo ndo mzito. Si ungepima kabla, mzee wangu?

Kazi yenyewe alinitoza dola 700, jumla na ule mnada 785. Kwa mikono yake nampa 9, kwa kushika simu nampa 2. Kubrekia, yaani lile pigo la kwanza la kutawanya mipira, siitumii, nabrekia na fimbo ya bei rahisi, na kwenye buti la gari hailali hata siku moja, baridi ya huku na joto la Julai vyote vinaua mbao.

Nimeagiza shafti ya pili. Kasema Machi. Ya mwaka gani sikumuuliza.