Kadi za mkopo za safari: nimezipanga kwa jinsi pointi zinavyotoka

Begi lenyewe lilikuwa zuri. Jeusi, la magurudumu manne, nembo ya benki ubavuni, na kijana aliyenipa alikuwa na tai iliyonyooka na maneno matamu. Fomu niliijaza nimesimama, palepale uwanja wa ndege, zikiwa zimebaki dakika ishirini tuitwe kupanda. Akaniambia kila dola nitakayotumia itazaa pointi mbili. Hakuniambia, nami sikuuliza, kwamba pointi mbili hizo zikitoka benki kwenda kwa shirika la ndege zinageuka maili moja, yaani pointi moja ya shirika lenyewe, ile inayolipia tiketi.

Nilikusanya kwa miaka miwili na nusu. Umeme, mafuta, karo, simu, kila kitu kwenye kadi ile ile, nikilipa deni lote kila mwezi kama mtoto mwenye adabu. Zikafika pointi 80,000. Ijumaa moja jioni nikaona viti viwili vimefunguliwa kwa maili, tarehe niliyoitaka, maili 20,000 kila kimoja. Hesabu ikakaa sawasawa. Nikabonyeza kuhamisha, na ujumbe ukaingia: ombi lako litashughulikiwa ndani ya siku tatu hadi tano za kazi.

Siku za kazi! Jumamosi viti vilikuwepo. Jumapili vilikuwepo. Jumatano maili zilipoingia, viti vilikuwa vimeshapata wenyewe, na vilivyobaki vilitakiwa maili zaidi ya mara mbili. Nikapiga simu benki kuomba pointi zangu zirudishwe. Dada wa upande wa pili akanijibu kwa upole uliozidi kuniudhi: "Zikishatoka hazirudi, mama." Maili zile zilikaa huko hadi muda wake ukakatika. Chache niliziwahi, nikanunulia vipokea sauti vya masikioni. Sikio la kushoto halisikii.

Ndiyo maana mwongozo huu hausemi mengi ambayo miongozo mingine husema. Riba mnaijua: ukibeba deni mwezi hadi mwezi, hakuna pointi itakayoifidia, kwa hiyo mwenye tabia hiyo aishie hapa, tusilaumiane. Bonasi ya kujiunga siigusi, matangazo yanaipigia ngoma vya kutosha. Mimi nina swali moja tu, na kila kadi nimeipima kwa hilo: pointi zinatokaje?

Mvuvi wa dema ananielewa. Mlango wa dema ni mpana kwa nje, samaki anaingia akitamba, halafu anakuta kwa ndani umefinywa. Kadi nyingi za safari zimesukwa hivyohivyo. Benki itakueleza kwa mabango makubwa namna ya kuingiza pointi, mara tatu hotelini, mara nne mgahawani. Namna ya kuzitoa imeandikwa kwa herufi za chungu, ukurasa wa kumi na kitu.

Kabla ya kutia sahihi, mpigie muuzaji umuulize hivi, na umtake akuoneshe kwa maandishi: nikitaka kutoa pointi elfu hamsini leo, zitakuwa maili ngapi, zitafika lini, na zitakwenda kwa mashirika gani? Akianza kukueleza habari za launji, vile vyumba vya kupumzikia uwanjani, ujue hajui, au anajua sana.

Uwiano ndio unaoumiza kimyakimya. Benki mbili zinaweza kutangaza pointi mbili kwa kila dola, moja ikahamisha pointi moja kwa maili moja, nyingine pointi mbili kwa maili moja, na tangazo likafanana. Chukua mfano ulio wazi kwa kila mtu: pointi za hoteli za Marriott Bonvoy huhamia kwa mashirika mengi ya ndege kwa uwiano wa tatu kwa moja, na ukihamisha 60,000 kwa mkupuo unaongezewa maili 5,000. Yaani 60,000 zinaingia, 25,000 zinatoka. Angalau wao wamesema wazi.

Muda wa kufika unafuata. Kuna mashirika ambayo maili huingia ndani ya dakika chache, na kuna ya siku kadhaa. Kiti cha maili hakikusubiri, kwa hiyo tofauti hiyo ndiyo safari yenyewe. Baadhi ya mashirika hukubali kukushikia kiti kwa siku moja mbili ukiwapigia simu. Ulizia hilo kabla hujahamisha chochote, maana, kama nilivyoambiwa na yule dada, kurudi hakuna. Karibu kila mpango wa pointi duniani uhamisho wake ni wa njia moja.

Halafu uhai. Pointi zikiwa benki huenda haziishi muda, lakini zikishavuka zinaanza kuhesabiwa siku. Maili za KrisFlyer za Singapore Airlines zina miezi 36. Skywards za Emirates nazo huenda kama miaka mitatu. Za Delta na United hazina tarehe ya kufa. Kwa hiyo usihamishe kwa sababu tu eti kuna ofa ya asilimia kadhaa mwezi huu. Hamisha siku umeshakiona kiti kwa macho yako.

Na tiketi "ya bure" si ya bure. Kodi za uwanja zipo, na mashirika mengine huongeza tozo yao wenyewe wanayoiita ya mafuta au jina lingine litakalowajia. Mimi hupiga hesabu hivi: bei ya tiketi kwa fedha taslimu, toa kodi na tozo utakazolipa hata ukitumia maili, gawa kwa idadi ya maili. Tiketi ya dola 600, tozo 150, maili 30,000: kila maili imekupa senti moja na nusu. Ikishuka chini ya senti moja, lipa fedha zako, pointi ziache zilale.

Sasa orodha yangu, na sijifanyi hakimu. Nina upande.

Ya kwanza ni American Express, zile kadi zenye pointi za Membership Rewards. Naipenda na sifichi. Mpango huu ulianza mwaka 1991, na kwa kadi nyingi pointi haziishi muda maadamu akaunti yako iko hai. Kinachonifanya niiweke juu ni idadi ya milango. Pointi zilezile unaweza kuzipeleka Singapore Airlines ukapanda ndege yoyote ya muungano wa mashirika uitwao Star Alliance, au ukazipeleka Flying Blue, mpango wa maili wa Air France na KLM, ukakaa kwenye ndege ya mshirika wao Delta, au ukazigeuza Avios. Avios nazo nazisifu kivyake, kwa sababu ndizo sarafu ya British Airways, Iberia, Aer Lingus, Qatar Airways na Finnair, na ukishaunganisha akaunti zako unazihamisha toka shirika moja kwenda lingine bila kupungua. Hapo ndipo nilipoona kwa mara ya kwanza pointi zikipata mlango wa nyuma. Zikikosa kiti huku, zinajaribu kule.

Tahadhari mbili. Orodha ya washirika na uwiano hubadilika nchi hadi nchi, kwa hiyo usisome ukurasa wa Marekani ukadhani ni wako. Na wako wafanyabiashara wengi wasioipokea kadi hii, hivyo tembea na Visa au Mastercard ya akiba mfukoni.

Nikiisifu hivyo, msidhani nimelogwa. Kadi yao ya Platinum huko Marekani ilikuwa na ada ya dola 550 kwa mwaka. Mwaka 2021 ikapanda hadi 695, na 2025 ikafika 895. Ukilalamika wanakuonesha lundo la marupurupu, marejesho ya nauli ya teksi, marejesho ya hoteli, mengine yamekatwakatwa vipandevipande vya kila mwezi ili usahau kimoja. Hiyo ni kazi ya ofisini, si zawadi. Mimi natumia Gold, naona inanitosha, na launji nikiikosa nakaa kwenye kiti cha chuma kama wenzangu.

Ya pili ni kadi za benki nyingine zenye pointi zinazohamishika, zinazotumia Visa au Mastercard: Chase, Citi na Capital One kwa walioko Marekani, HSBC katika nchi kadhaa. Ukitaka kadi moja tu mfukoni, hizi zinaizidi namba moja yangu kwa kupokelewa kila mahali, nakubali. Chase huhamisha pointi moja kwa maili moja, kwa mafungu ya pointi elfu moja, na uwiano wake hauhitaji kalamu. Lakini angalieni kufuli hili: kadi zao zisizo na ada zinakusanya pointi zilezile, ila peke yake haziwezi kuzihamisha kwa shirika la ndege. Lazima uwe pia na kadi yao ya juu ndipo mlango ufunguke. Mtindo huu uko kwa benki nyingi, na muuzaji hautaji mpaka umwulize.

Ya tatu, kadi zenye nembo ya shirika moja la ndege. Hapa swali langu la kutoka halina kazi, kwa kuwa pointi zinazaliwa ndani ya dema. Kama unapanda ndege za shirika hilo mara nne tano kwa mwaka, kusafirishiwa begi bure na kupanda mapema vinaweza kurudisha ada. Kama unapanda mara moja, umeuziwa mbuzi kwenye gunia. Maana bei ya kiti kwa maili wanaipanga wao. Delta iliondoa jedwali lake la bei za maili mwaka 2015, United ikafuata mwaka 2019 kwa ndege zake, na siku hizi bei hupanda na kushuka kama ya tiketi ya kawaida. Ulizokusanya kwa bei ya jana utazitumia kwa bei ya kesho.

Na hapa niruhusuni nitoe dukuduku. Mwaka 2020 ndege zilipolala chini dunia nzima, Delta ilikopa dola bilioni 9 kwa kuweka rehani mpango wake wa SkyMiles. Mwaka uliofuata American Airlines ikachukua bilioni 10 kwa AAdvantage, mpango iliouanzisha 1981. Ndege zimeegeshwa, abiria hakuna, lakini maili zilikuwa mali safi, kwa sababu benki huzinunua kwa mashirika kwa fedha taslimu ili zitugawie sisi. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Kwa hiyo wakikwambia ni hisani ya shukrani kwa mteja mwaminifu, kumbuka kwamba hisani hiyo ilipelekwa kwa wakopeshaji ikakubalika kama dhamana. Halafu mimi nikiomba nirudishiwe pointi zangu baada ya siku tano, naambiwa haiwezekani.

Anayelipia yote haya ni mwenye duka, kwa makato anayokatwa kila unapopitisha kadi. Umoja wa Ulaya uliweka kikomo mwaka 2015, asilimia 0.3 kwa kadi za mkopo za watu binafsi, na ndiyo sababu kubwa kadi za kule zimekonda pointi ukilinganisha na za Marekani. Anayeishi Ulaya asisome makala za Wamarekani akajiona mjinga.

Ya nne, kadi za hoteli. Usiku mmoja wa bure kwa mwaka ni kitu, kama utaukumbuka kabla haujaisha. Kutoka kwenda kwenye ndege nimeshaonesha: tatu kwa moja.

Ya mwisho, kadi zisizo na ada zinazokurudishia fedha kidogo. Hazina mlango wa kutafuta, fedha inarudi kwenye akaunti basi. Sina la kuongeza.

Mengineyo kwa haraka. Kadi iitwayo ya safari inayokutoza karibu asilimia 3 ukilipa kwa sarafu ya kigeni haistahili jina hilo. Mashine ya dukani ikikuuliza ulipe kwa sarafu ya kwenu au ya hapo ulipo, chagua ya hapo, kwani ile nyingine wanakubadilishia kwa kiwango chao. Bima ya safari mara nyingi hufanya kazi pale tu tiketi ilipolipiwa kwa kadi hiyohiyo, na kwa tiketi ya maili uliza kama kulipia kodi kwa kadi kunatosha. Usitoe fedha taslimu kwa kadi ya mkopo: riba inaanza siku hiyohiyo na pointi hupati hata moja. Launji za Priority Pass, uanachama wa launji unaokuja na baadhi ya kadi, zimezidi elfu moja duniani, lakini uliza kama mgeni wako anaingia bure au utatozwa mlangoni mbele ya mkweo.

Kadi ya lile begi nimeshaifunga. Kabla ya kuifunga nilikuwa na pointi 6,200 zilizobaki, na kima cha chini cha kuhamisha kilikuwa 10,000. Nikauliza zitakwenda wapi. Zinafutwa, wakasema. Basi nikazigeuza vocha ya duka, kwa bei ya kutupa, nikasubiri barua ya kuthibitisha sidaiwi, nikaihifadhi. Begi lenyewe lilipoteza gurudumu safari ya pili.