Mtafsiri, kwenye mkokoteni ungenyamaza!

Nimekasirika, sifichi. The Covenant ya Guy Ritchie nilitaka niione na wazee wangu, ndiyo maana nikachukua ile iliyotafsiriwa Kiswahili, kwenye kibanda ninachowekewa muvi siku zote.

Kisa ni cha Afghanistan, 2018. Kikosi cha sajenti Mmarekani, John Kinley, kinauawa, kisha naye anapigwa risasi. Amebaki na mkalimani wake tu, Ahmed. Hawakuwa marafiki, walivumiliana kikazi. Lakini Ahmed anamlaza kwenye mkokoteni wa mbao na kumsukuma milimani huku Taliban wanawasaka. Hapo maneno yanakwisha kabisa. Mtu anasukuma, anahema, anasukuma tena.

Na hapo ndipo mtafsiri alipoanza soga! Anasalimia washikaji wa Mbagala, anataja namba ya simu ya duka, anacheka. Mama akauliza, "Huyu anacheka nini, mtu si anakufa?"

Nikarudi kibandani kulalamika. Kijana hata macho hakuinua kwenye simu yake: "Broo, watu hawalipii kimya." Hivi kweli?

Mtafsiri haki yake nimpe. Kinley akisharudi California hapati usingizi. Ahmed aliahidiwa viza ya Marekani, sasa anajificha na mke na mtoto mchanga. Kinley anapiga simu uhamiaji, anaambiwa asubiri, anahamishwa kutoka kwa huyu kwenda kwa yule. Hapo mtafsiri alipatia, sauti imempanda, kila neno linaingia. Mzee wangu, aliyesota kufuatilia mafao yake ya kustaafu, alisimama kabisa: "Waambie!" Kinley anaweka nyumba rehani na kurudi mwenyewe kumfuata Ahmed. Nikataka kusamehe yote, niwaambie ichukueni tu.

Sasa ikaja mwisho. Filamu inaandika kwamba Taliban waliposhika nchi 2021, wakalimani zaidi ya 300 pamoja na familia zao waliuawa, na maelfu bado wamejificha. Zinafuata picha za wanajeshi halisi na wakalimani wao. Mtafsiri hakusoma hata mstari mmoja! Anatangaza muvi ya wiki ijayo. Wazee wakaanza kuinuka wakidhani wote waliokolewa, ikabidi nirudishe nyuma niwasomee mimi.

Hapana, hiyo msiichukue. Tafuteni filamu yenyewe, na anayejua Kiingereza akae karibu na wazee awaelezee taratibu. Kwenye mkokoteni anyamaze.