Rili ya spining saizi 4000 baada ya miezi 14 ya maji chumvi: dragi nzuri sana, ila rola ya uzi imeniangusha

Wadau wa mshipi habari zenu. Hii rili, yani mashine ya kukunja uzi inayofungwa kwenye fimbo ya kuvulia, nimekaa nayo miezi 14 sasa, nimesimama nayo kwenye miamba, nimevua nayo toka mashuani, nimeirusha ufukweni asubuhi kabla jua halijatoka, kwahiyo ninayoyasema hapa nimeyaona kwa macho yangu na mengine yamenigharimu samaki. Jina la kampuni siliweki kwasababu nina malalamiko na sitaki ionekane nawachafulia biashara, cha muhimu ni tabia ya mashine yenyewe, na utaikuta kwenye rili nyingi tu za daraja hili.

Kwa kifupi ni rili saizi 4000, bodi ya alumini, uzito kama gramu 300 hivi, gia 6.2:1, yani ukizungusha mkono wa rili mara moja rota, kile kichwa kinachozungushia uzi kwenye spuli (gurudumu la kuhifadhi uzi), inazunguka mara 6 na kidogo na uzi unaingia karibu sentimita 95. Kwa mtu anayerusha chambo bandia kutwa nzima spidi hiyo inatosha kabisa na bega haliumi.

Boksi limeandikwa beringi 10+1 kwa maandishi makubwa na najua ndo kitu wengi tunaangalia dukani, hata mimi nilifanya hivyo. Ile +1 ndo klachi inayozuia mkono usirudi nyuma, zile 10 ndo za kawaida. Sasa namba peke yake haikwambii chochote, haikwambii ziko wapi wala zimezibwaje, na beringi 5 zilizozibwa vizuri maji yasiingie zitaishi kuliko 10 zilizo wazi. Kama unanunua rili ya baharini angalia vitu viwili, dragi, yani breki inayoachia uzi samaki akivuta, na rola ya uzi, kile kigurudumu kidogo ambacho uzi unapitia kabla ya kuingia kwenye spuli. Kwenye hii rili dragi imenifurahisha, rola imeniumiza.

Nianze na dragi maana inastahili sifa. Ndani ina diski za kaboni zilizopakwa grisi, na utamu wake uko pale mwanzo kabisa, samaki anapoanza kukimbia. Dragi mbovu haikati uzi katikati ya mbio, inakata pale mwanzo kwasababu diski zimeng'ang'ania kidogo kabla hazijaachia na ule mshtuko mmoja tu unatosha. Hii haifanyi hivyo. Kuna asubuhi kolekole alipiga chambo karibu kabisa na mwamba, akageuka akaelekea kina kirefu, nikawa naangalia spuli inazunguka taratibu bila kugugumia hata mara moja, uzi unatoka kama unavutwa na mtu aliyetulia, na ncha ya fimbo haikutikisika wala kudunda. Nilimtoa baada ya kama dakika 12, nikamtoa ndoana nikamrudisha majini akaondoka kwa nguvu zake.

Boksi linasema dragi inafika kilo 11. Nimefunga uzi kwenye mizani ya springi nikakaza mpaka mwisho, nikapata kama 9. Sijali sana hilo kwasababu uzi wangu ni wa kilo 9 na dragi inatakiwa iwe robo mpaka theluthi ya nguvu ya uzi, kwahiyo mimi naiweka kilo 2 na nusu basi. Nunueni ile mizani jamani, usipime kwa kuvuta na mkono ukasema hapo pako sawa, mkono unadanganya sana.

Na hapa niseme kitu ambacho nimeona kinawapotezea watu samaki wakubwa. Samaki akikimbia uzi unapungua kwenye spuli, na uzi ukipungua ule mduara unakuwa mdogo, na mduara ukiwa mdogo dragi inakuwa nzito zaidi bila wewe kugusa kitu. Mduara ukibaki nusu, uzito wa dragi unakuwa mara mbili. Sasa mtu anaona uzi unaisha anaogopa anakaza dragi tena, hapo ndo tap, imekatika. Usikaze, laza fimbo upande umvute kwa pembeni abadilishe uelekeo, na kama ni lazima gusa ukingo wa spuli na kiganja kidogo kidogo, maana kiganja unaweza kukiondoa haraka ila dragi uliyokaza hutaweza kuilegeza kwa wakati.

Kurusha haina shida. Uzi wa kusuka unapanga vizuri, mwanzoni ulikuwa unarundikana mbele ya spuli nikaongeza washa moja kati ya zile mbili za plastiki zilizokuja kwenye boksi, ukakaa sawa. Chini nimeanza na nailoni kidogo kwasababu uzi wa kusuka ukifungwa moja kwa moja kwenye spuli unateleza wote kwa pamoja, unadhani dragi imekufa kumbe ni uzi unazunguka peke yake. Jaza mpaka ibaki kama milimita 2 kufika ukingoni, na ule waya unaoufungua ili kurusha ufunge kwa mkono wako baada ya kurusha, usifunge kwa kuzungusha mkono wa rili, vifundo vinapungua sana.

Haya sasa rola. Kwenye mwezi wa 9 hivi nikaanza kusikia sauti, kwii kwii kwii, kila nikikunja uzi wenye mzigo. Nikadhani ni gia. Nikapaka oili kila mahali pale nilipoweza kufika, na hapo nikafanya kosa, oili nyingi ikaingia kwenye klachi na mkono wa rili ukaanza kurudi nyuma nikivuta fimbo kwa nguvu ili ndoana imshike samaki. Klachi haitaki oili nyingi, vile vijiti vya ndani vinateleza badala ya kushika. Hilo ni kosa langu kabisa sio la rili, nikaifungua nikaisafisha ikarudi sawa. Ila sauti iko palepale.

Safari iliyofuata nikapata samaki mzito kuliko wote niliowahi kumshika na hii rili, sikumwona hata rangi, alikwenda chini tu mfululizo, nikampandisha kidogo akaenda tena, na mara ya tatu fimbo ikanyooka. Nikakunja uzi nikitegemea kuona fundo limeachia au lida, kile kipande cha uzi mgumu cha mwisho karibu na ndoana, imekatwa na mwamba. Hapana. Ulikatika juu kabisa, na mita kama 5 za mwisho zilikuwa na manyoya ukiupitisha kwenye vidole, kama kamba ya kiatu iliyochakaa. Nilikaa pale kwenye jiwe muda mrefu sana, iliniuma kweli.

Nyumbani nikaweka kidole kwenye rola nikaisukuma. Haizunguki. Imeganda kabisa, uzi ulikuwa unapita juu yake unasugua chuma, na ukiangalia kwenye mwanga unaona mfereji mwembamba kama unywele umechorwa. Nikafungua ile skrubu moja, ndani chumvi nyeupe na kutu ya kahawia, beringi ndogo kama punje ya mahindi imeshikamana na bodi yake. Ukifikiria utaona kwanini ni pale, uzi umelowa maji ya bahari, unafika kwenye ile kona ukiwa umekazwa, unakamuliwa palepale, maji yanaingia, yanakauka, chumvi inabaki. Kila unapokunja unaongeza. Mtengenezaji anajua hili, ilitakiwa ndo beringi iliyozibwa kuliko zote kwenye mashine nzima, lakini hapa hawakuweka hata kipande cha raba.

Niliwaandikia walioniuzia wakasema huo ni uchakavu wa kawaida, dhamana haihusiki. Sikubaliani. Rili imeandikwa ya maji chumvi, nimeiosha kila safari, beringi ya sehemu muhimu namna ile haitakiwi kufa ndani ya mwaka.

Nimebadilisha mwenyewe, nikaweka beringi ya chuma kisichoshika kutu iliyozibwa pande zote mbili pamoja na rola mpya, maana ile yenye mfereji haifai tena hata ukiisugua. Kazi ya dakika 20, ila piga picha kila kipande unachotoa, zile washa zina mpangilio wake na ukikosea moja rola inabanwa haizunguki.

Kuosha nako nimebadilisha. Kaza dragi kwanza maji yasiingie kwenye diski, nyunyiza maji yasiyo na chumvi taratibu, usitumie presha kwasababu inasukuma chumvi ndani, usiizamishe kwenye ndoo. Huku maji yanadondoka zungusha rola kwa kidole mpaka uhisi iko laini. Futa, iache ikauke kivulini, legeza dragi ili diski zisikae zimebanwa wiki nzima, tone moja la oili kwenye rola, moja tu.

Nawapa 7 kwa 10. Dragi peke yake ningewapa 9, bodi haijalegea, mkono haujapata mchezo, gia bado kimya. Wewe unayevua mtoni au ziwani nunua bila wasiwasi, rola itakaa miaka. Wa baharini, nunua ukijua kwamba siku unayoitoa kwenye boksi unafungua rola unaitia grisi ya maji chumvi kabla haijaona bahari, na kila baada ya safari 3 au 4 unaikagua kwa kidole, uzi ukiwa pembeni.

Beringi mpya ina miezi 3 sasa. Jana usiku baada ya kuosha nimeisukuma kwa ncha ya kidole, ikazunguka yenyewe muda mrefu, kimya kabisa. Jumamosi narudi palepale kwenye lile jiwe.