Uzoefu Wangu: Kupuliza Mbegu kwenye Mteremko Uliokatwa, Lushoto

Nyuma ya nyumba yetu ya wageni, juu kidogo ya mji wa Lushoto, mwaka 2023 tulikata kilima ili gari lipate kufika juu. Kijiko kilifanya kazi siku nne, kikatuachia ukuta wa udongo mwekundu wenye urefu wa mita 70 kwenda pembeni, na ukiupanda kufuata mteremko wake ni mita kumi hivi. Haukuwa na jani hata moja. Dereva alipomaliza aliulainisha kwa mgongo wa ndoo ya kijiko, ukapendeza, nasi tukamshukuru. Baadaye ndipo nilipojua kwamba ule ulaini ulikuwa kosa la kwanza.

Vuli ya mwaka ule ilikuja na El Niño. Usiku mmoja tope lilishuka mpaka kizingiti cha jiko, na kulipokucha ukuta ulikuwa na vikorongo vya kuzamisha mkono hadi kiwiko. Mwanzoni mwa Desemba tukasikia habari za Katesh, jinsi tope la Mlima Hanang lilivyofukia watu na nyumba zao. Huo ni mlima mwingine na udongo mwingine, lakini tangu siku hiyo kila mvua ya usiku iliniamsha. Nilikuwa natoka na tochi kwenda kuuangalia ule ukuta.

Tulijaribu njia zetu kwanza. Januari tulimwaga mbegu kwa mkono, na masika ikazishusha zote bondeni. Tukaleta vijana wapande vipandikizi vya ukoka. Kila walipokanyaga udongo ulimeguka, na kila shimo lililochimbwa likawa mlango mpya wa maji. Fundi wa mawe alitutajia shilingi milioni 38 kwa ukuta wa kuzuia udongo. Hatukuwa nazo.

Mpwa wangu anayefanya kazi za barabara ndiye aliyeniambia kuhusu haidrosidingi. Mafundi wenyewe wanaita kupuliza mbegu, na mimi nitaita hivyo hivyo. Nilipotafuta maelezo yake kwa Kiswahili sikupata kitu, ndiyo maana naandika kwa urefu.

Kazi yenyewe ni hivi. Kuna tangi lenye pampu, na ndani yake mikono ya kukoroga. Wanatia maji, nyuzi za mbao zilizosagwa mpaka zikawa kama pamba, mbegu, mbolea, na gundi ya unga inayotokana na mbegu za mmea uitwao guar. Vinakorogwa vikawa uji mzito, kisha uji unarushwa kwa mpira na kushika juu ya udongo. Nyuzi ndizo matandazo: zinatunza unyevu na kuvunja nguvu ya matone ya mvua. Gundi inazuia kila kitu kisiteleze. Inatiwa pia rangi ya kijani ili mpulizaji aone alikopita na alikoruka. Teknolojia hii si ngeni duniani. Ilianzia kwenye kingo za barabara kuu za Connecticut, Marekani, miaka ya 1950, mahali ambapo trekta wala mtu mwenye jembe hafiki.

Kampuni niliyoipata sitaitaja jina, kwa sababu nina mazuri yao na nina lawama yao.

Zuri la kwanza ni kwamba hawakuwa na haraka ya kuchukua pesa. Fundi mkuu, kijana mtulivu, alikuja kwanza mikono mitupu. Hakuuangalia ukuta kwa muda mrefu. Alipanda juu yake akaanza kufuata maji: yanatoka wapi, yanakusanyika wapi, yanadondokea wapi. Aliposhuka akaniambia, "Mama, naweza kukupulizia hata kesho. Lakini haya maji ya juu yasipopewa njia yake, utakuwa umenunua rangi."

Maneno hayo yalinigusa kwa sababu sisi watu wa Usambara tulipaswa kuyajua. Babu zetu waliamrishwa na wakoloni kuchimba matuta miaka ya 1950, wakayachukia kwa kuwa yalikuwa amri na kazi ya bure. Baadaye, mradi wa SECAP, wa kuzuia mmomonyoko wa udongo, ulipoanza hapa mwaka 1981, wazazi wetu walizipokea nyasi za guatemala kwenye kingo za mashamba kwa kuwa ng'ombe walizila. Yaani elimu ya kuzuia maji mlimani ipo kwenye familia zetu vizazi vitatu, na mimi nilikata kilima bila kuchimba hata mfereji mmoja.

Tukachimba makingamaji ya mita 80 juu ya ukuta, yakitoa maji pembeni kwenye korongo la asili, na kwenye ukingo wake wa chini tukapanda guatemala. Nilitaka vetiva, nyasi zenye mizizi mirefu, ichanganywe kwenye tangi; fundi akanieleza kwamba vetiva inayopandwa na watu haitoi mbegu zinazoota, ni lazima ipandwe kwa vishina. Udongo tuliupeleka kupimwa kwenye kituo cha utafiti cha Mlingano, ukaonekana mchachu, pH 4.8, kwa hiyo tulimwaga chokaa ya kilimo. Kabla ya hapo vijana wawili waliofungwa kamba kiunoni waliparua uso wote wa ukuta kwa majembe, wakiacha vingazi vidogo vya mlalo, kila kimoja upana wa kiganja. Ule ulaini wa kijiko uliondoka hapo. Maandalizi haya yote yalichukua wiki tatu, na kupuliza kwenyewe siku moja na asubuhi moja.

Walikuja mwanzoni mwa Novemba 2024, vuli ikiwa imeshagusa ardhi. Tangi lao ni la lita 2,000, na kazi yetu ilihitaji matangi matatu. Nyuzi zilikuwa mifuko 11 ya kilo 22 hivi. Mbegu zilikuwa za aina tatu: tefu, ile nafaka ya Ethiopia, ambayo huota upesi na kuwakinga wenzake, halafu nyasi za Rhodes, halafu ukoka. Nilipenda jinsi mpulizaji alivyofanya kazi. Alirusha kutoka chini kwenda juu, kisha akahamia pembeni akarudia, maana nyuma ya kila bonge la udongo kuna kivuli ambacho uji haufiki ukisimama upande mmoja tu.

Sasa lawama. Tangi la tatu lilichanganywa saa tisa alasiri. Mpira ukaziba, wakahangaika nao, ukungu ukashuka, mvua ikaanza. Wakaamua kulala. Ule uji ulibaki tangini usiku kucha, mbegu zikiwa zimelowa pamoja na mbolea, na asubuhi saa mbili wakaukoroga tena na kuupuliza kwenye mita 20 za mwisho. Wakati ule sikujua ubaya wake. Mbegu ikishalowa huvimba na kuanza kuamka. Chumvi ya mbolea inaiunguza, na mikono ya kukoroga inaichubua. Uji ukishachanganywa unatakiwa kurushwa muda huo huo. Fundi anayekubali kulaza tangi anajua kwamba anaharibu mbegu.

Waliondoka wakiacha ukuta wa kijani ukiwaka. Wapita njia walisimama kupiga picha. Tafadhali usidanganyike na kijani hicho. Ni rangi, na ndani ya wiki mbili inafifia kabisa. Wiki hizo mbili ndizo ngumu kuliko zote, na hakuna kampuni itakayokaa nawe. Vuli ilikatika siku 12 mfululizo. Tulimwagilia asubuhi na jioni kwa mpira wenye kichwa cha matone madogo, maana maji ya nguvu yanaparua zile nyuzi. Tuliweka uzio wa miiba kwa ajili ya mbuzi wa jirani, na niliwakataza wajukuu wasikanyage hata hatua moja. Kama huna maji ya kumwagilia siku hizo, subiri mpaka uyapate ndipo uwaite.

Siku ya tano asubuhi niliona vinyweleo vya tefu. Niliinama mpaka pua ikagusa udongo ili nihakikishe. Rhodes ilitokea siku ya kumi, na ukoka wiki ya tatu. Krismasi ilipofika, mita 50 za kwanza zilikuwa zimefunikwa vizuri, na zile mita 20 za tangi lililolala zilikuwa na mashina ya kuhesabika.

Nilipopiga simu, jibu la kwanza lilikuwa kwamba udongo wangu ni mbaya. Bahati nzuri nilikuwa nimepiga picha ya tangi likiwa limejaa jioni ile, na simu inaandika saa. Niliwatumia. Wiki mbili baadaye walirudi na nusu tangi jipya, wakapuliza upya bila malipo. Maji na kumwagilia vilikuwa juu yangu, na pale hapajawahi kulingana na kwingine. Ukifanya mkataba, andika ndani yake kwamba uji urushwe ndani ya saa moja baada ya kuchanganywa, na kwamba malipo ya mwisho yanatoka baada ya kuota, siyo baada ya kupuliza.

Masika ya 2025 ndiyo iliyokuwa mtihani. Usiku wa mvua kubwa ya kwanza nilitoka na tochi kama kawaida yangu. Maji yalikuwa yanashuka juu ya nyasi zilizolala, na yaliyofika kwenye mfereji wa chini nilikinga kwenye bakuli nikayamulika. Nililiona pambo la maua la chini ya bakuli. Mwaka uliotangulia nisingeona hata ncha ya kidole changu. Nilisimama pale mvua ikininyeshea, nikashukuru Mungu.

Lakini Aprili kipande cha upana wa mita nne kilishuka, nyasi na udongo wake, kama mkeka uliovutwa. Makingamaji yalikuwa mazima. Kumbe pale kuna maji yanayotoka ndani ya kilima chenyewe, na mizizi ya nyasi changa inashika tabaka la juu tu. Sikuilaumu kampuni kwa hilo. Mbegu zinazuia mvua isiparue uso. Mteremko unaosukumwa na maji ya ndani unahitaji mifereji ya mawe. Hapo tumeweka bomba lenye matundu na mawe yaliyopangwa ndani ya wavu wa waya, na kwa gharama hiyo ndogo naona afadhali sana kuliko zile milioni 38.

Tulilipa shilingi 4,800 kwa mita ya mraba, mita 700, jumla 3,360,000, pamoja na 800,000 za kupandisha gari kutoka Mombo. Maandalizi, chokaa na vibarua vilikaribia milioni moja na nusu. Kwa shamba la tambarare nisingeshauri mtu atoe pesa hizi. Panda ukoka kwa mkono, utaota. Na mwamba mtupu nao hauna faida ya kupulizwa. Pale Bamburi, Mombasa, René Haller alipoanza mwaka 1971 kurudisha uhai kwenye machimbo ya chokaa ya kiwanda cha saruji, alitegemea miche ya mivinje, na jongoo wakasaidia kuyageuza majani yake makavu kuwa udongo. Hiyo ni kazi ya miaka. Kupuliza kunafaa mahali penye udongo, pakali kwa miguu ya watu, ambapo mvua haitakusubiri.

Tefu ilikufa Februari ikalala kama matandazo mengine, na chini yake ukoka umetambaa umeshikana. Rhodes ya sehemu ya chini inafika kiunoni. Jirani yetu mwenye ng'ombe wawili aliniomba aikate, nikamruhusu kwa sharti moja, akate kwa mundu na asing'oe. Anakuja Jumanne na Ijumaa.